Namna ya kushiriki warsha ya utafiti katika hisabati na fizikia ya nadharia

Warsha ya utafiti wa juu huchosha akili kuliko darasa lolote. Kwa siku moja unaweza kusikiliza mihadhara minne au mitano, kila mmoja wa saa nzima, na anayezungumza hafundishi mambo yaliyokwisha kutulia vitabuni. Anaeleza alichokipata mwaka huu, pengine mwezi huu. Wanafunzi wengi wa uzamili na uzamivu huingia ukumbini wakiamini kwamba wajibu wao ni kuelewa kila neno. Ikifika siku ya pili wameshapotea, wanaona aibu kuuliza, na siku zinazobaki wanakaa viti vya nyuma wakinakili ubao bila kuufuata. Huniuma sana kuliona hilo, kwa sababu hata waliokaa mbele hawaelewi kila kitu. Mtaalamu wa jiometri akimsikiliza mtaalamu wa nadharia ya namba naye hupotea njiani. Ila yeye amekuja na swali lake, na anasikiliza ili apate chochote cha kulisogeza mbele.

Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinatoka kwenye jambo moja: nenda na swali ambalo umeshalihangaikia kwa kalamu na karatasi. Ukiwa nalo, utajua uombe warsha ipi, usome nini kabla ya safari, ukae na nani wakati wa chakula, na ufanye nini ukirudi.

Hatua ya 1: Jua unaomba kitu cha aina gani

Majina yanachanganya, na waandaaji wenyewe huyatumia ovyo. Tofauti kubwa ni hizi.

Shule ya utafiti ni kwa ajili ya wanaojifunza. Mhadhiri mmoja hupewa mihadhara mitatu hadi sita mfululizo, anaanzia karibu na mwanzo, na mara nyingi kuna vipindi vya mazoezi. Shule ya Les Houches, kwenye milima ya Alpi nchini Ufaransa, ilianzishwa na Cécile DeWitt-Morette mwaka 1951 kwa mtindo huo wa kukaa wiki kadhaa na kusoma fizikia kwa kina. Shule za CIMPA, taasisi ya hisabati iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1978, hufanyika katika nchi zinazoendelea na kwa kawaida huchukua wiki mbili hivi. Ukiwa mwaka wa kwanza au wa pili wa uzamivu, anzia shule. Usione kwamba umejishusha.

Warsha ni ya watu walio tayari ndani ya mada. Kule Oberwolfach, kwenye Msitu Mweusi wa Ujerumani, kituo kilichoanza mwaka 1944, washiriki hukaa wiki moja na hawaombi nafasi, wanaalikwa. Kituo cha utafiti wa hisabati cha BIRS kilichopo Banff, Kanada, nacho huendesha warsha za siku tano kwa kikundi kidogo. Huko mihadhara haianzii mwanzo. Anayezungumza huchukulia kwamba umesoma makala za karibuni.

Programu ndefu huchukua wiki kadhaa hadi miezi sita. Taasisi ya Isaac Newton ya Cambridge, iliyofunguliwa mwaka 1992, na KITP, taasisi ya fizikia ya nadharia ya Santa Barbara, Marekani, iliyoanza mwaka 1979, ndizo mifano inayojulikana zaidi. Mihadhara ni michache, muda wa kufanya kazi pamoja ni mwingi. Kongamano kubwa ni kinyume chake: mamia ya watu, mazungumzo ya dakika ishirini ishirini, vyumba vingi kwa wakati mmoja. Kwa mtafiti mchanga mwenye fedha za safari moja tu, ningechagua shule au warsha kabla ya kongamano.

Kwa wanaotoka nchi zenye bajeti ndogo ya utafiti, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, kilichopo Trieste, Italia, kinastahili kuangaliwa kwanza. Mwanafizikia wa Pakistani, Abdus Salam, alikianzisha mwaka 1964 kwa kusudi hilohilo, kwamba mwanafizikia wa nchi inayoendelea asilazimike kuhama kwao ili aendelee kuwa mtafiti. Shughuli zake nyingi hazitozi ada ya kujiandikisha, na kuna msaada wa nauli na malazi kwa wanaochaguliwa. Kituo hicho kina pia taasisi dada Kigali, iliyozinduliwa mwaka 2018.

Hatua ya 2: Andika ombi linalosema kitu

Angalia tarehe za mwisho kwa makini. Mara nyingi zipo mbili: ya mapema kwa wanaohitaji msaada wa fedha au viza, na ya baadaye kwa wengine. Ukichelewa ile ya kwanza, ombi lako linaweza kukubaliwa na bado ukashindwa kusafiri.

Kwenye barua ya ombi, waandaaji wanasoma maombi mengi yanayofanana. Sentensi kama "Tangu utotoni nimeipenda hisabati na ningependa kupanua ujuzi wangu" haiwasaidii kukuchagua. Linganisha na hii: "Tasnifu yangu inahusu mifululizo isiyotulia katika mekanika ya kwanta. Nimekokotoa vipande kumi vya kwanza vya nishati ya kitetemeshi kilichoongezewa λx⁴, lakini sijui namna ya kupata jumla yenye maana λ ikiwa hasi. Mihadhara ya wiki ya pili inagusa jambo hilo hasa." Aliyeandika maneno hayo ameonyesha alipofika, alipokwama, na kwa nini warsha hii na si nyingine. Nusu ukurasa wa namna hiyo unatosha.

Msimamizi wako mwombe barua ya mapendekezo wiki tatu kabla, umpe na barua yako ya ombi ili yake isigongane na yako. Ukikubaliwa, uliza kwa maandishi mambo manne: nani ananunua tiketi, malazi yanaanza na kuisha lini, kama bima ya afya inahitajika, na kama fedha za nauli zinalipwa kabla au baada ya safari. Hilo la mwisho limewakwamisha wengi, kwa sababu kurudishiwa nauli baadaye hakumsaidii asiye na fedha ya kutanguliza. Wala si jambo la aibu kuuliza. Waandaaji wazoefu wanalijua na mara nyingi wana njia ya kulitatua, mradi umewaambia mapema.

Tahadhari moja. Ukipata barua pepe inayokusifu sana, inakualika kuzungumza kwenye mkutano unaochanganya hisabati, tiba, uhandisi na biashara, kisha inadai ada, achana nayo. Mikutano halisi huonyesha majina ya kamati ya kisayansi. Tafuta kurasa za vyuo vya watu hao na uone kama wenyewe wanautaja mkutano huo.

Hatua ya 3: Jiandae kwa kalamu, si kwa kusoma tu

Hapa ndipo warsha inapopatikana au kupotea, na ndipo ningependa utumie nguvu nyingi kuliko hatua nyingine yoyote.

Chukua orodha ya wazungumzaji. Usijaribu kuwasoma wote. Chagua wawili walio karibu na swali lako, ingia arXiv, hazina ya makala za awali iliyoanzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991, na usome utangulizi wa makala moja ya kila mmoja. Utangulizi tu, mara mbili. Wengine waliobaki, soma muhtasari wa mihadhara yao na uandike maneno usiyoyajua. Maneno kumi ukiyatafutia maana kabla ya safari, utakuwa umeshajiokolea mihadhara miwili.

Kisha tafuta mfano mdogo kuliko yote unaobeba ugumu wa mada, uukokotoe mwenyewe hadi mwisho. Tuseme warsha inahusu mifululizo isiyotulia, yaani jumla za vipande visivyo na mwisho zisizokaribia namba moja, katika nadharia ya uga wa kwanta. Huhitaji uga wowote ili kuona tatizo. Chukua intigrali ya kawaida ya e^(−x²/2 − λx⁴) kwa x zote, igawanye kwa √(2π), na ufungue sehemu yenye λ kuwa mfululizo. Kwa kuwa wastani wa x⁴ chini ya mgawanyo wa Gauss ni 3, wa x⁸ ni 105 na wa x¹² ni 10,395, unapata

1 − 3λ + 52.5λ² − 1732.5λ³ + …

Weka λ = 0.01 na uangalie ukubwa wa kila kipande: 0.03, halafu 0.00525, 0.00173, 0.00084, 0.00055, 0.00044, 0.00042. Mpaka hapo vinapungua vizuri. Kipande cha nane ni 0.00048. Cha tisa ni 0.00061. Cha kumi ni 0.00088. Kuanzia hapo vinakua bila kikomo, na kadiri unavyoongeza vipande ndivyo jibu linavyoharibika, ingawa intigrali yenyewe ni namba safi isiyo na tatizo lolote. Sababu unaweza kuiona bila hesabu zaidi: λ ikiwa hasi, hata kidogo sana, e^(−λx⁴) inalipuka x ikiwa kubwa na intigrali haipo kabisa. Kama mfululizo wa namna hii ungetulia kwa λ chanya ndogo, ungelazimika kutulia kwa λ hasi yenye ukubwa mdogo zaidi pia. Mwanafizikia Freeman Dyson alitoa hoja ya aina hiyo kuhusu elektrodinamiki ya kwanta, nadharia ya mwanga na chembe zenye chaji, mwaka 1952.

Kazi hiyo ni ya jioni moja. Lakini aliyeifanya akimsikia mzungumzaji akisema "tunakata mfululizo kwenye kipande kidogo kuliko vyote", anajua ni kipande cha saba kwa λ = 0.01, na anajua kwa nini. Anaweza pia kuuliza swali la kweli: hitilafu inayobaki baada ya kukata ina ukubwa gani, na inabeba habari gani? Hilo ndilo swali linalojibiwa na nadharia nzima ya sasa kuhusu mifululizo hiyo.

Kila mada ina mfano wake wa aina hii. Kwenye jiometri ni tufe na mviringo wa tairi. Kwenye nadharia ya vikundi ni matriki za 2 kwa 2. Kwenye mekanika takwimu ni mnyororo wa sumaku ndogo zilizopangwa kwenye mstari mmoja. Usipande ndege bila kuwa nao kwenye daftari.

Maandalizi ya mwisho ni alama, hasa kama warsha inawakutanisha wanahisabati na wanafizikia. Vikundi hivi viwili huandika kitu kilekile kwa namna tofauti, na mgeni hudhani hajaelewa wazo kumbe ni maandishi tu yaliyobadilika. Mwanafizikia akiweka nyota juu ya namba changamano anamaanisha konjugeti yake, wakati mwanahisabati huchora mstari juu yake na nyota anaiwekea matriki iliyogeuzwa na kukonjugetiwa, ambayo mwanafizikia huitia alama ya kisu. Katika uhusianifu wengine huanza na alama (−,+,+,+), wengine (+,−,−,−), na ishara za milinganyo mingi zinageuka. Ile 2π ya mageuzo ya Fourier kila mtu ana mahali anapopenda kuiweka. Andika ukurasa mmoja wa alama zako, na mhadhara ukianza tafuta kwanza mzungumzaji yuko upande gani.

Hatua ya 4: Sikiliza kwa mpango

Kaa mbele au katikati. Ubao wa chaki unasomeka vibaya kutoka nyuma, na mtu aliyekaa nyuma ni rahisi kufungua kompyuta yake na kupotea moja kwa moja.

Gawa ukurasa wa daftari kwa mstari wima. Kushoto andika kinachoandikwa ubaoni, kulia andika yako: maswali, mashaka, mfano unaotaka kuujaribu. Dakika kumi na tano za mwanzo ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote, maana mzungumzaji mzuri huzitumia kusema ni kitu gani anachokichunguza, swali ni lipi, na jibu ni lipi. Hayo matatu yapate kwa ukamilifu hata kama mengine yote yatakupita. Yasipotajwa, ni halali kabisa kuinua mkono na kuyauliza.

Theoremu ikiandikwa, usikimbilie uthibitisho. Ijaribu papo hapo kwenye mfano wako mdogo. Mathalani mzungumzaji ameandika kwamba ukijumlisha mpindo wote wa uso uliofungika unapata 2π mara namba ya Euler ya uso huo. Chukua tufe lenye nusu kipenyo R: mpindo wake ni 1/R² kila mahali, eneo lake ni 4πR², zao ni 4π, na R imetoweka. Sasa namba ya Euler: tandaza mchemraba juu ya tufe, pembe 8, toa kingo 12, ongeza nyuso 6, unapata 2. Mara 2π ni 4π. Imekubali. Sekunde arobaini zimepita, umekosa mistari miwili ya ubao, lakini theoremu hiyo sasa ni yako, na mzungumzaji atakapoipeleka kwenye vipimo vinne utaona kipi kinachobadilika.

Ukipotea, andika saa na mstari ulipopotelea: "saa 4:25, baada ya kuchagua msingi mpya". Alama hiyo ndiyo utakayompelekea mtu wakati wa mapumziko. Kisha acha kuhangaika na kilichopita, ungoje mahali ambapo mzungumzaji atapumua na kuanza sehemu mpya. Karibu kila mhadhara una milango miwili au mitatu ya kuingilia tena.

Kuruka mhadhara mmoja kwa siku ili ukae na hesabu zako si utovu wa adabu. Akili iliyochoka haipokei chochote, na wazoefu wengi hufanya hivyo.

Hatua ya 5: Uliza

Swali zuri ni fupi na lina kitu kinachoshikika. "Je, dhana ya pili inahitajika kweli, au ni kwa ajili ya urahisi wa uthibitisho?" "Hii inasema nini kwa tufe?" "Kipi kinavunjika kama uso si wa kufungika?" "Hiyo K ya mstari wa tatu ndiyo K ya ubao wa kwanza?" Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini mara nyingi nusu ya ukumbi ilikuwa inalingoja.

Warsha nyingi huendeshwa kwa Kiingereza. Kama hakikutoki kwa wepesi, andika swali lako lote kwenye upande wa kulia wa daftari, ulisome kama lilivyo. Hakuna atakayekuhukumu kwa kusoma. Maswali ya maandishi huwa bora kuliko ya kubuni mdomoni.

Usitoe hotuba yenye alama ya kuuliza mwishoni. Na kama swali linahitaji mjadala mrefu, sema, "Profesa, naomba tulizungumze baadaye," halafu umfuate kweli.

Hatua ya 6: Tumia muda ulio nje ya ukumbi

Taasisi zenye uzoefu zimejengwa kwa ajili ya muda huu. Oberwolfach, watumishi hupanga leso za chakula zenye majina kwa kubahatisha, ili kila mlo ukae na watu wapya; Jumatano mchana mihadhara husimama na washiriki hutembea milimani pamoja. Taasisi ya Isaac Newton ina mbao za kuandikia hata kwenye lifti. Waliopanga hivyo walijua kwamba uthibitisho unaokwama ukumbini mara nyingi hufunguka pale watu wawili wanapokuwa peke yao na chaki.

Andaa sentensi mbili za kujitambulisha: unafanyia kazi nini, na umekwamia wapi. Usianze kwa kuomba nafasi ya masomo au barua. Anza na hesabu. "Asubuhi ulisema mfululizo unakatwa kwenye kipande kidogo. Niliukokotoa kwa intigrali ya kawaida na hitilafu ikawa hivi. Je, ndivyo inavyokuwa kwenye uga pia?" Mtaalamu akionyeshwa hesabu halisi kwenye karatasi, mara nyingi huchukua kalamu.

Wanafunzi wenzako nao wana thamani kubwa, pengine kuliko maprofesa, kwa sababu ndio utakaofanya nao kazi kwa miongo ijayo. Jioni kaeni watatu au wanne, kila mmoja aeleze mhadhara mmoja wa siku hiyo ubaoni kwa dakika kumi. Mtakachoshindwa kueleza ndicho swali la kesho asubuhi.

Na usiwakwepe wa fani ya jirani. Mwaka 1991 Philip Candelas, Xenia de la Ossa, Paul Green na Linda Parkes, wakitumia wazo la fizikia linaloitwa ulinganifu wa kioo, walitoa idadi ya mikunjo ya kirashinali (mistari iliyonyooka au iliyopinda, ya digrii ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea) iliyomo ndani ya umbo la kwintiki lenye vipimo vitatu, umbo linaloelezwa na mlinganyo wa digrii ya tano. Namba mbili za kwanza, 2,875 na 609,250, wanahisabati walikuwa nazo tayari. Ya tatu fizikia ilisema ni 317,206,375. Geir Ellingsrud na Stein Arild Strømme, wanahisabati wa Norwei, walikuwa wameikokotoa kwa kompyuta wakapata 2,682,549,425. Mwaka huo wanahisabati na wanafizikia walikutanishwa kwenye warsha Berkeley, na tofauti hiyo ikawa mezani. Miezi michache baadaye Ellingsrud na Strømme waligundua kosa kwenye programu yao, wakalirekebisha, na namba ikatoka ileile ya wanafizikia. Kuanzia hapo tawi zima la jiometri lilibadilika mwelekeo. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwingine hakuwa nacho: wanafizikia walikuwa na njia isiyo na uthibitisho, wanahisabati walikuwa na namna ya kuikagua.

Hatua ya 7: Ukipewa nafasi ya kuzungumza

Dakika ishirini zinatosha swali moja, tokeo moja na mfano mmoja. Mfano uanze, theoremu ifuate. Andika kwa herufi ambazo ungeweza kuzisoma ukiwa kiti cha mwisho, na ufanye mazoezi ya sauti ukiwa umesimama, saa ikihesabu. Ukizidisha muda, umeula muda wa mwenzako. Kama ni bango, weka mchoro au jedwali la namba katikati, maneno pembeni, na uwe na maelezo ya dakika mbili tayari kichwani. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui na uliandike mbele ya aliyeuliza. Anaona umelichukua kwa uzito, na mara nyingi atakuja kukutafuta baadaye.

Hatua ya 8: Usipoweza kusafiri

Viza hukataliwa, fedha hukosekana. KITP, BIRS, ICTP na Taasisi ya Isaac Newton huweka video za mihadhara yao wazi kwa yeyote. Tatizo la video ni kwamba zinatazamika bila kufikiri. Tafuta mwenzio mmoja, tazameni pamoja kwa muda uliopangwa, na msimamishe kila theoremu inapoandikwa mpaka mmeijaribu kwenye mfano. Mhadhara wa saa moja utawachukua saa tatu, na ndivyo inavyotakiwa. Swali likibaki, mwandikieni mzungumzaji mkitaja dakika ya video na hesabu yenu.

Hatua ya 9: Fanya hesabu kabla haijapoa

Juni 1947, wanafizikia wapatao ishirini na wachache walikutana kwa siku tatu kwenye Kisiwa cha Shelter, New York. Willis Lamb alieleza vipimo vilivyoonyesha kwamba viwango viwili vya nishati vya haidrojeni, ambavyo nadharia ya Dirac ilivifanya kuwa sawa, vinatofautiana kidogo. Mkutano ulipokwisha, Hans Bethe alipanda treni kwenda Schenectady, na humo ndani ya treni akaikokotoa tofauti hiyo kwa makadirio, akapata namba iliyokaribia kabisa ile ya Lamb. Kiangazi kilichofuata Dyson alisikiliza mihadhara ya Julian Schwinger kwenye shule ya Ann Arbor, baada ya kusafiri kwa gari na Richard Feynman na kumhoji njia nzima. Akiwa kwenye basi usiku akivuka Nebraska, aliona jinsi njia za Schwinger na Feynman katika elektrodinamiki ya kwanta zinavyokuwa kitu kimoja, na makala zake zikatoka mwaka 1949. Bethe na Dyson walifanya kazi hiyo wakati mihadhara bado inasikika kichwani.

Kwa hiyo usiache safari ya kurudi ipite kwa usingizi tu. Ndani ya siku mbili andika upya daftari lako: kurasa mbili kwa kila mhadhara uliokugusa, na zile alama za mahali ulipopotelea uzigeuze kuwa orodha ya kusoma. Tokeo lolote unalotaka kulitumia, lisome mstari kwa mstari kabla ya kulijengea, hata kama ukumbi mzima ulipiga makofi. Juni 1993 mwanahisabati Andrew Wiles alimaliza mihadhara yake mitatu kwenye Taasisi ya Isaac Newton kwa kutangaza uthibitisho wa Theoremu ya Mwisho ya Fermat. Pengo lililokuwemo halikuonekana ukumbini. Lilijitokeza baadaye, wasomaji walipokuwa wakikagua hati, na yeye pamoja na Richard Taylor walilitatua Septemba 1994. Makala zikachapishwa mwaka 1995.

Watumie ujumbe mfupi wale watu wawili au watatu uliozungumza nao, kila mmoja ukimpelekea hesabu mliyoianza pamoja ikiwa imefika mbele hatua moja. Ujumbe wa shukrani tupu husomwa na kusahauliwa, lakini wenye hesabu hujibiwa. Halafu panga tarehe, ndani ya mwezi mmoja, ya kutoa semina kwa wenzako wa idara kuhusu mhadhara mmoja uliouelewa vizuri kuliko mingine, kwa chaki, ukianza na ule mfano mdogo uliosafiri nao.